Kompyuta Yangu na Pampu ya Alfajiri

Vijana wangu mnaoandika programu, najua mnanisoma kwenye simu huku kazi ya mtu inawasubiri mezani. Nitajitahidi nisiwachoshe, ingawa mke wangu anasema ahadi hiyo huwa siitimizi.

Nimestaafu. Nakaa Kwamndolwa, nafuga kuku, na kuku wenyewe hawana habari kwamba niliwahi kuitwa injinia. Cheo hicho sikukisomea. Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Kompyuta nilijifunza kwa kitabu cha kuazima ambacho mpaka leo sijakirudisha, na shule yetu ilipopata kompyuta yake ya kwanza nikawa mtaalamu kwa sababu ni mimi peke yangu niliyejua pa kuiwashia.

Kazi yangu ya kwanza ya kitaalamu ilikuwa kupanga matokeo ya mtihani wa muhula. Nikayapanga majina kwa alfabeti, yakapendeza kabisa, ila alama nikaziacha palepale zilipokuwa. Kesho yake, mbele ya shule nzima, akatangazwa wa kwanza mwanafunzi ambaye hesabu haikuwahi kumchekea tangu azaliwe. Alilia kwa furaha. Yule aliyestahili naye alilia. Mkuu wa shule aliponiita nikamjibu, "Mashine imechanganyikiwa, mkuu."

Akanipa pole.

Hapo ndipo nilipoharibika, vijana. Ningefokewa siku ile huenda ningepona mapema. Badala yake nikagundua kwamba nina mfanyakazi mwenzangu asiyejitetea, ninayeweza kumtupia kosa lolote naye akabaki anamulika taa yake tu. Nilimtumia miaka mingi. Mtandao ulisumbua. Mfumo uligoma. Umeme ulicheza. Nilikuwa nayasema haya kwa sauti ya masikitiko, kama mtu anayemsemea ndugu yake mgonjwa.

Niliacha ualimu nikafungua ofisi Korogwe mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nikawa naandikia watu programu. Kazi iliyonifanya niandike barua hii ilitoka Handeni. Kulikuwa na jumuiya ya watumia maji iliyokuwa ikisimamia visima virefu katika vijiji kadhaa. Jina lake naliacha, na la kijiji pia. Kila kisima kilikuwa na pampu ya injini ya dizeli, na kila pampu ilikuwa na mhudumu wake: anaiwasha, maji yanapanda tangini, anaizima, watu wanachota. Tatizo ni kwamba kiangazi kile maji yalikuwa hayatoshi, na mwenyekiti wa jumuiya alitaka kujua kama wahudumu wanawasha kweli.

Nikaunganisha kidude chenye laini ya simu kwenye kila pampu. Pampu ikiwaka, kinatuma ujumbe ofisini kwangu. Ikizimwa, kinatuma mwingine. Programu yangu inazisoma jumbe zote na kila mwisho wa mwezi inatoa ripoti: nani kawasha, siku gani, saa ngapi.

Mwenyekiti aliniomba jambo moja tu la ziada. "Injinia, saa ziwe za Kiswahili. Wazee hawa ukiwaandikia kumi na tatu watakuuliza ni saa ngapi hiyo."

Jambo dogo. Kompyuta inahesabu tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza. Unatoa sita. Kumi na tatu toa sita unapata saba, saa saba mchana. Ikizidi kumi na mbili, unaondoa kumi na mbili. Niliiandika Ijumaa mchana, na jioni nilikuwa na harusi ya mpwa wangu kule Mkumbara ambako nilipangiwa kuwa mshereheshaji. Akili yangu ilikuwa kwenye vichekesho vya harusini. Katikati ya kuandika nikajiuliza: je, saa ikitoka chini ya sifuri? Nikajijibu kwamba saa hasi haipo duniani, kwa hiyo ujumbe wa namna hiyo lazima ni mbovu. Nikaandika mstari mmoja: ujumbe wenye saa hasi, tupa. Na ujumbe wa kuzima ukibaki peke yake, tupa pia, kwa maana hakuna anayeweza kuzima kitu ambacho hakikuwashwa. Niliona nimetumia busara kubwa. Nikafunga tai, nikaenda harusini.

Niliijaribu programu wiki nzima iliyofuata, tena kwa bidii, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Yaani saa zangu za kazi. Haikunipitia akilini kwamba ziko saa nyingine ambazo watu wengine wanafanya kazi.

Katika kijiji kimoja mhudumu alikuwa Bi Mwanaidi, mama wa Kizigua wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alikuwa akiwasha pampu saa kumi na moja alfajiri, ili wanawake wachote kabla ya kwenda shamba na watoto wapate maji ya kunawa kabla ya shule. Kwa kompyuta hiyo ni saa tano. Tano toa sita, hasi moja. Tupa.

Ripoti ya kwanza ilionyesha kwamba mwezi ule Bi Mwanaidi hakuwasha pampu siku kumi na nane. Zilizobaki ni siku alizowasha jua limeshatoka, kwa sababu mwezi ule alipata homa na msiba. Kwa maneno mengine, programu yangu ilimhesabia siku alizochelewa na kumfutia siku alizowahi.

Mkutano uliitishwa kwenye darasa la shule ya msingi. Nilikuwepo. Nilivaa tai Handeni, kiangazi, saa saba mchana. Nikaitundika ripoti ubaoni na kuisoma. Watu wa mwisho wa bomba, ambao maji yalikuwa hayawafikii wiki nzima, wakaanza kunung'unika. Wanawake wawili walisimama wakasema wao alfajiri walichota. Mwenyekiti akawaambia labda ni maji yaliyobaki tangini tangu jana. Kisha mtu mmoja kutoka nyuma akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kama pampu haikuwashwa, dizeli imekwenda wapi?"

Sikuwa nimeandika neno wizi popote katika programu yangu. Lilijiandika lenyewe.

Bi Mwanaidi akasimama. Hakulia wala hakuapa. Alinitazama mimi, akauliza, "Hiyo kompyuta yako inaamka saa ngapi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu yanaponijia hata leo natafuta kitu cha kushika: "Mama, kompyuta hailali. Na kompyuta haina chuki na mtu."

Akasema jambo kwa Kizigua huku akikaa. Mimi ni Msambaa, na lugha zetu zinaelewana vya kutosha kumwaibisha mtu. Sitalitafsiri.

Walimnyang'anya funguo siku ileile. Akapewa jirani yake, bwana mpole asiyependa kuamka mapema, ambaye alikuwa akiwasha pampu saa moja asubuhi. Ripoti yake ya mwezi uliofuata ilikuwa safi, hakukosa hata siku moja. Niliipeleka kwa mwenyekiti nikiwa nimevimba kwa fahari. Mfumo umeleta nidhamu, nilimwambia.

Aliyenivua fahari hiyo ni Fundi Mbwana. Huyu alikuwa mzee aliyetengeneza injini zote za visima vile, na mashine za kusaga mahindi kuanzia Handeni mpaka barabara ya Moshi. Siku ya mkutano hakuwepo, alikuwa Mkumbara kwenye mashine ya mtu. Aliposikia, alipanda basi hadi Korogwe, akaingia ofisini kwangu na daftari la shule lililolowa oili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikai, nina safari. Angalia hapa."

Injini zile zina kisaa kidogo pembeni kinachohesabu muda ambao mashine imezunguka, ili fundi ajue lini abadilishe oili. Fundi Mbwana alikuwa akiyaandika masaa yale kila anapopita. Alinionyesha kwa kidole cheusi tarakimu mbili, ya mwanzo wa mwezi ule wa mashtaka na ya mwisho.

"Injini imezunguka mwezi mzima," alisema. "Sasa wewe unasema haikuwashwa. Ilijizungusha yenyewe?"

"Labda kisaa hicho kibovu, mzee."

"Kisaa ni cha chuma na meno. Hakijui kusoma, hakijui Mwanaidi ni nani. Chako kikoje?"

Nikamwambia nitaangalia. Alipotoka niliangalia, kwa nia ya kumthibitishia kwamba amekosea. Nilifungua mahali ambapo jumbe zilizotupwa zilikuwa bado zimekaa, maana kwa bahati programu ilizikataa kwa kuziwekea alama tu, bila kuzifuta. Zilikuwepo. Tano kamili. Tano na dakika nne. Tano kasoro dakika mbili. Siku kumi na nane za mwanamke anayetoka kitandani kukiwa na giza, zimepangwa mstari mmoja, na pembeni ya kila moja neno langu mwenyewe: mbovu.

Kurekebisha kulinichukua dakika moja. Hasi moja ongeza kumi na mbili, unapata kumi na moja. Hesabu ya darasa la tano, nami nilikuwa mwalimu wa hesabu.

Sasa sikilizeni kilichofuata, kwa sababu kosa la kutoa sita nimeshajisamehe. Kila mtu anakosea kutoa. Baada ya kurekebisha, nilipeleka programu mpya kwa mwenyekiti na maelezo ya maneno mawili: "Maboresho madogo." Kisha nikakaa kimya siku kumi na tatu.

Sikukaa kama mwovu. Nilikaa kama mtu mwenye shughuli. Jumatatu nilisema nitapiga simu Jumatano. Jumatano mvua ilinyesha, na mimi nikaamua kwamba habari nzito haifai kutolewa wakati wa mvua. Nilikuwa na mafua. Nilisafisha ofisi, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nilijiambia kwamba mkataba ukivunjika nitashindwa kuwahudumia wanavijiji wengine, kwa hiyo kunyamaza kwangu ni kwa faida ya wananchi. Mnaona jinsi nilivyokuwa na huruma.

Siku ya kumi na tatu Fundi Mbwana akapiga simu. "Umeshawaambia?"

"Bado, mzee. Natafuta muda mzuri."

"Mwanaidi siku hizi hateki maji bombani. Anakwenda kuteka kwenye lambo la ng'ombe, mbali kule. Akifika bombani wenzake wananyamaza, basi ameacha kufika. Huo muda wako mzuri ukiupata, utanijulisha."

Nikakata simu nikakaa. Nilimfikiria mama yule, ambaye kwa miezi mingi ndiye aliyewapelekea wenzake maji kabla hawajafumbua macho, akipita na ndoo nyuma ya nyumba zao ili asionekane. Kesho yake nilipanda basi kwenda Handeni, nikachukua bodaboda hadi kijijini.

Mwenyekiti nilimkuta ofisini kwake nikamweleza. Alijifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu kama nilivyoogopa mimi. "Injinia, mkutano tutauita. Lakini kwa nini tujivue nguo? Tuseme mtandao ulisumbua, mama arudishiwe funguo, yaishe."

Nawaambieni ukweli, nilifurahi. Nilikuwa hata na karatasi niliyoichapa ofisini, yenye maneno mazuri. Mchana, kwenye darasa lilelile, nikaisoma: "Kutokana na changamoto ya kimfumo iliyojitokeza, taarifa za baadhi ya wahudumu hazikuakisi hali halisi..."

"Subiri kwanza," alisema Bi Mwanaidi kutoka dirishani. Hakuwa amekaa na wengine. "Huyo Changamoto ya Kimfumo ni mtoto wa nani? Tuelekezeni kwao, nikamuulize nilimkosea nini."

Walicheka mpaka watoto wakaja kuchungulia. Mimi safari hii sikucheka. Nikaikunja karatasi, nikachukua chaki, nikaandika ubaoni tano, toa sita. Nikauliza jibu. Mwalimu wa shule akasema hasi moja.

"Kila ujumbe uliotoa jibu la namna hiyo, mimi niliutupa, nikidhani saa hasi haipo duniani," nikasema. "Mtandao haukusumbua. Mashine haikuharibika. Niliandika mimi, Ijumaa, nikiwa na haraka ya kwenda harusini. Na nimelijua jambo hili siku kumi na nne sasa, nikanyamaza."

Bi Mwanaidi alikuja akasimama karibu na ubao. "Kwa hiyo mimi niliamka mapema mno."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ukanifuta."

"Nilikufuta."

"Kwa nini hukuniuliza? Nilikuwa hapahapa. Kabla hujaitundika ile karatasi ungeniuliza, Mwanaidi, siku hizi ulikuwa wapi? Ningekwambia."

Kwenye mpango wangu mzima wa kazi hapakuwa na mahali popote pa kumuuliza yule mtu. Nilikuwa nimeweka rangi kwenye majedwali, nimeweka nembo ya jumuiya, nimeweka hata picha ndogo ya tone la maji.

Wanawake waliokuwa wamekaa mbele walitazama chini. Mmoja akainuka, akaenda kusimama kando ya Bi Mwanaidi. Mwenyekiti akatangaza kwamba Bi Mwanaidi arudishiwe funguo zake, naye akajibu, "Leo sijibu." Akanigeukia. "Wewe usirudi Korogwe. Lala mjini, alfajiri uje pampuni."

Nilikwenda. Saa kumi na moja kasoro alikuwa ameshafika, kajifunga kanga kiunoni, na jirani yake mpole kasimama pale na funguo, anapiga miayo. Bi Mwanaidi akanikabidhi hendeli ya injini. "Washa."

Niliizungusha mara tatu haikushtuka. Mara ya nne ilishika kidogo ikazima, hendeli ikanirudi, nikajikuta nimekaa chini kwenye tope la oili na suruali yangu ya mikutano. Yule bwana aliamka kabisa kwa kicheko. Bi Mwanaidi akaiwasha kwa mkono mmoja, akaniangalia pale chini.

"Hiyo ndiyo hasi moja, injinia," alisema. "Inaonekana ipo."

Alirudi kazini baada ya wiki, kwa sharti moja. Ripoti isiende kwa mwenyekiti kabla yeye hajasomewa, na likiwepo neno analolikataa, maneno yake yaandikwe pembeni ya maneno ya kompyuta, kwa ukubwa uleule. Kwa ukubwa uleule, alisisitiza. Nikaongeza safu hiyo kwa wahudumu wote, nikaiita "Mhusika anasemaje". Ujumbe nisiouelewa nikaacha kuutupa. Niliuweka kando, na kila Jumamosi nikawa nakaa nao mmoja mmoja. Na Fundi Mbwana akawa ananisomea daftari lake kwa simu, nilinganishe kisaa chake cha meno na jedwali langu lenye rangi.

Mwaka ulipoisha jumuiya ilimpa kazi mtu mwingine. Sikulalamika, ingawa nilinuna kama wiki mbili hivi na kuku wa wakati ule wanaweza kushuhudia.

Lakini kabla hatujaachana, mwezi mmoja nilimpigia Bi Mwanaidi kumsomea ripoti yake. Ilionyesha kwamba siku ya pili ya Idi pampu haikuwashwa. Akawaka moto. Aliwasha, anakumbuka, aliwasha kabisa, na mimi nimeanza tena mchezo wangu. Safari hii nilikuwa nimeshaangalia kila mahali, hata daftari la fundi, lakini sikubishana. Nilimwambia, "Sawa mama, sema nikuandikie."

Nikamsikia akiuliza watu nyumbani kwake. Sauti ya binti, sauti ya mwanamume, vyombo vikigongana. Kisha akarudi kwenye simu.

"Injinia, upo?"

"Nipo, mama."

"Andika: Mwanaidi amekosea. Siku hiyo alilala."

Nikaandika hivyohivyo, kwa ukubwa uleule. Alikuwa ametumia muda wa kuvuka sebule; mimi nilitumia siku kumi na nne.